Programu iliyoangushwa na majina ya herufi 24

Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba huku Mtwara, ghala la chama cha msingi halilali. Programu ya mizani ya pale niliiandika mimi: inasoma uzito, inatafuta jina la mkulima kwenye daftari, inatoa stakabadhi. Niliiandika kwa lugha ya C kwa sababu kikompyuta kilichokuwapo kilikuwa dhaifu. Wiki ya pili ya msimu ikaanza kuzimika yenyewe, leo mara nne, kesho hata mara moja isizimike.

Katibu akapiga simu. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Mashine imelala tena, na watu wako juani."

Sikuwa na la kumjibu. Mtu aliyeamka alfajiri na magunia yake anataka karatasi yenye kilo zake, basi.

Nilianza na nilichokizoea, kupachika printf, amri ya kuchapa ujumbe, kila kona ili nione programu imefika wapi. Nikiongeza mistari, hitilafu inahama. Nikiiondoa, inarudi kwa sura nyingine. Siku tatu zikaenda hivyo.

GDB nilikuwa naijua kwa jina tu. Ni chombo cha kuchungulia ndani ya programu ili kusaka hitilafu, cha mradi wa GNU wa programu huria, kipo tangu 1986, na nilidhani ni cha wakongwe. Nikaijenga programu upya kwa -g, ili ibaki na majina na namba za mistari, nikaandika ulimit -c unlimited ili ikifa iache faili la kor, yaani taswira ya kumbukumbu yake kama ilivyokuwa wakati ule. Ilipokufa tena nikatumiwa faili hilo, nikalifungua ndani ya GDB na kuandika bt. Miito yote, fanksheni ipi imeita ipi, ikajipanga mbele yangu: programu imefia ndani ya free, fanksheni ya C ya kuachilia kumbukumbu, iliyoitwa na fanksheni ya kuchapa stakabadhi. Nikaiandika upya fanksheni hiyo yote. Ikafa palepale.

GDB haikunidanganya. Ilinionyesha maiti ilipoangukia, nami nikadhani ndipo ilipojeruhiwa. Kwenye C hayo ni mambo mawili tofauti, na kati yake panaweza kupita saa nzima.

Hapo ndipo nikaweka Valgrind kwa amri moja ya apt, kisakinishi cha Linux, bila leseni wala malipo. Valgrind, kazi iliyoanzishwa na Julian Seward, haiiachii programu iende moja kwa moja kwenye prosesa. Inaipitisha kwenye prosesa ya kuigiza na kukagua kila inapogusa kumbukumbu. Ndiyo maana programu hutambaa, mara 20 hadi 30 polepole kuliko kawaida. Ghalani isingefaa, lakini kwenye laptopu yangu, nikiwa na nakala ya daftari, mwendo huo haukunisumbua. Na sikuhitaji kungoja programu ife. Mkulima wa kwanza tu, mwenye jina la herufi 11, ripoti ikatoka: umeandika baiti 1 usiyoruhusiwa, baiti 0 baada ya kipande cha baiti 11. Chini yake namba ya mstari.

Nilikuwa nimeomba malloc, fanksheni inayogawa kumbukumbu, nafasi ya strlen(jina), yaani idadi ya herufi tu, kisha nikanakili jina kwa strcpy. Sifuri, baiti moja ambayo C huiweka kufunga kila jina, haikuwa na mahali pake. Ilikosekana +1.

Lakini kama kosa lipo kwa kila jina, mbona programu haifi kwa kila mkulima? Swali hilo lilininyima usingizi kuliko hitilafu yenyewe. Jibu nililipata kwa kufungua malloc.c ya glibc, maktaba ya C kwenye Linux, na kuisoma, jambo ambalo kwa programu iliyofungwa msimbo wake nisingeliweza. Kwenye mashine ya biti 64, ukiomba baiti 11 unapewa 24. Ukipita 24 unapewa 40, halafu 56. Kwa majina mengi sifuri yangu ilidondokea kwenye nafasi tupu. Jina likiwa na herufi 24 kamili, nafasi za katikati zikiwamo, sifuri inatua juu ya namba inayotunza ukubwa wa kipande jirani. Hakuna anayeshtuka mpaka jirani huyo aachiliwe, mara nyingi mkulima mwingine akiwa ameshasimama mizanini.

Nikahesabu daftari. Waliokuwa na herufi 24 au 40 walikuwa tisa. Nikalinganisha na saa za mizani: kila kifo kilikuwa na mmoja wao dakika chache kabla yake.

Siku hizi kila ninachojenga kwa majaribio nakipitisha na -fsanitize=address, swichi ya gcc, programu inayogeuza C kuwa lugha ya mashine. Swichi hiyo hukamata kosa la aina hii bila kuchelewesha kama Valgrind. Ningeiwasha tangu siku ya kwanza, wale watu wasingekaa juani.

Programu mpya ilipofika ghalani nilimwomba katibu aanze na wale tisa, kisha aendelee na foleni kama kawaida. Nilibaki kwenye simu nikisikiliza printa. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Walipokwisha tisa, akaita jina la kumi, na printa ikaendelea.