Kuhesabu siku Thailand: kwa mwalimu wa Kiingereza anayetoka kwetu

Anayejua Kiswahili akifika Thailand ana bahati moja: saa za usiku anazijua tayari. Saa moja usiku kwa Kithai ni neung thum, na neung ni moja. Saa mbili ni song thum, mbili. Hesabu inakwenda hivyo mpaka ha thum, saa tano, halafu baada ya usiku wa manane inaanza upya. Mwingereza huhangaika na jambo hili miezi mizima.

Mwaka ndio unaotatiza. Kalenda ya Kibuddha imetangulia kwa miaka 543, kwa hiyo 2025 kwao ni 2568. Ukipewa mkataba au risiti yenye tarehe ya Kithai, toa 543 kabla ya kuweka saini, kisha andika tarehe ya kwetu pembeni kwa penseli. Mwalimu mgeni anayeharibikiwa Thailand mara nyingi ameharibikiwa kwenye hesabu ya siku, hata kama darasani ni hodari.

Anza na viza. Kufundisha kwa viza ya utalii ni kosa la jinai, hata wakala wa ajira akikuambia ni ya muda tu. Inayotakiwa ni Non-Immigrant B, yaani viza ya kazi, na kabla ya kuondoka nyumbani uwe na shahada halisi, nakala ya matokeo ya chuo na cheti cha polisi cha mwenendo mwema. Kwa Mkenya au Mtanzania, shule nyingi huongeza matokeo ya mtihani wa Kiingereza kama TOEIC au IELTS, hata kama umesoma kwa Kiingereza tangu utotoni. Inaudhi, lakini fanya mtihani mapema, maana kuutafuta ukiwa huko kunakula siku zako.

Ukiingia unapigwa muhuri wa siku 90. Ndani ya siku hizo shule ikutafutie kibali cha kazi, ndipo uende uhamiaji kuongezewa muda kwa baht 1,900, pesa ya huko. Hapa wengi huchanganya mambo mawili. Kuongezewa muda ni ruhusa ya kukaa. Kuripoti kila siku 90 ni kueleza tu unapoishi, na hakukuongezei hata siku moja. Unaweza kuripoti kuanzia siku 15 kabla ya tarehe hadi siku 7 baada yake. Ukichelewa zaidi, faini ni baht 2,000. Kupitisha muda wa kukaa ni baht 500 kwa siku, mpaka 20,000. Na ruhusa yako imefungwa kwenye ajira: siku ya mwisho ya kazi ndiyo siku ya mwisho ya kukaa. Usiandike barua ya kuacha kazi kabla hujajua utakuwa wapi kesho yake.

Soma pia idadi ya miezi. Mikataba ya mawakala mara nyingi ni ya miezi 10 au 11, kwa hiyo Aprili, wakati wa likizo, inaweza kupita bila mshahara. Weka akiba ya kodi ya nyumba ya mwezi huo tangu Novemba.

Darasani, saa mbili asubuhi bendera inapandishwa na wimbo wa taifa unapigwa. Simama wima popote ulipo. Jumatatu walimu wengi huvaa njano, rangi ya siku aliyozaliwa mfalme. Usiguse kichwa cha mtoto, hata kwa kumpongeza. Na usiandike jina la mwanafunzi kwa wino mwekundu, kwa sababu kwao jina jekundu linahusishwa na kifo. Sahihisha kwa nyekundu ukitaka, lakini jina liandike kwa bluu.

Kipindi ni kama dakika 50, na wanafunzi wanaweza kuwa 40 au zaidi. Ukiuliza kama wameelewa, wataitikia ndiyo. Kuna neno kreng jai, ile staha ya kutotaka kumsumbua mkubwa au kumwaibisha, na mtu wa pwani ya kwetu ataitambua mara moja. Acha swali hilo. Mwambie mmoja afanye zoezi mbele ya wenzake wawili, utaona kama ameelewa.

Kazi kubwa iko kwenye mwisho wa maneno. Sisi tukilipokea neno la Kiingereza huliongezea irabu: "bus" ikawa basi. Mthai hulikata. Kithai hakifungi silabi kwa s wala l, kwa hiyo "bus" husikika kama bat na "football" kama futbon. "Five", "fine" na "file" zote huishia kuwa fai. Ndiyo maana kumkaririsha mtoto hakusaidii: bado hasikii tofauti. Andika maneno hayo matatu ubaoni, yape namba 1 hadi 3, geuka wasione mdomo wako, tamka moja, nao wainue vidole. Rudia mara 15. Vidole vikianza kukubaliana, mwite mwanafunzi atamke yeye na darasa liinue vidole; hapo anajua mwenyewe kama amefika. Dakika 10 kila kipindi zinatosha. Na chunga ulimi wako: ukisema "fayivu", utawapa kosa jipya juu ya lao.

Safari zinabanwa na mihula: wa kwanza huanza katikati ya Mei, wa pili karibu na Novemba. Songkran, mwaka mpya wa Kithai, tarehe 13 hadi 15 Aprili, kila mtu anarudi kwao na tiketi huisha mapema. Treni ya usiku kutoka Bangkok kwenda Chiang Mai, zaidi ya kilomita 700, sasa inaondoka kituo cha Krung Thep Aphiwat, wala si kile cha zamani, Hua Lamphong. Chukua kitanda cha chini. Ni ghali kidogo lakini ni kipana.

Ukitaka kuvuka Daraja la Urafiki kutoka Nong Khai kwenda Laos, pata kwanza kibali cha kurudi: baht 1,000 kwa safari moja, 3,800 kwa nyingi. Bila hicho, ruhusa yako ya kukaa inakufa unapogongewa muhuri wa kutoka, na kibali cha kazi hakiwezi kuifufua. Kichukue ofisi ya uhamiaji ya mkoa wako, usitegemee kukipata mpakani.