Pochi iliyofutwa kiunoni kwa Rolin

Kuna picha moja mi nikiifungua siwezi kuifunga haraka. Ni ubao mdogo tu, sentimita kama 66 kwa 62, upo Louvre kule Paris, Jan van Eyck aliuchora kwa rangi za mafuta miaka ya 1430 hivi. Kushoto kapiga magoti Nicolas Rolin, kansela, yaani msaidizi mkuu, wa mtawala wa Burgundy (Ufaransa ya leo), kulia kakaa Bikira Maria na Mtoto, malaika anamvisha taji.

Sasa mwangalie huyu bwana, ndo aliyelipia picha. Picha nyingi za enzi zile aliyelipia unamkuta kachorwa kadogo pembeni, au nyuma yake kasimama mtakatifu anamwombea, kama mtu anayepelekwa kwa mkubwa na mjomba wake. Rolin hana mtu, yuko mbele ya Bikira peke yake, ukubwa sawasawa, na joho la nyuzi za dhahabu lenye manyoya, wakati hata hakuzaliwa kwenye ukoo wa mabwana wakubwa, ni mwanasheria kutoka mji wa Autun aliyepanda mpaka akawa wa pili kwa mtawala.

Lakini kilichonishika mimi ni pochi. Wataalamu walipopiga ile miale inayoona chini ya rangi walikuta mwanzoni Rolin alichorwa na pochi kubwa ya hela inaning'inia kiunoni, alafu kwenye picha iliyokamilika haipo kabisa! Mi naamini mwenyewe ndo alisema itoke. Manyoya kayaacha, dhahabu kaiacha, pochi ndo katoa, maana joho ni cheo lakini hela ikining'inia pale mbele ya Mama wa Mungu watu wataanza kuuliza ilitoka wapi. Na mali yenyewe haikuondoka yote, ukichungulia nje ya yale matao matatu upande wake kuna mashamba ya mizabibu vilimani, upande wa Bikira ni mji uliojaa makanisa.

Na hayo yote unayaona sababu ya mafuta. Rangi ya mafuta inachelewa kukauka, so Van Eyck alipaka tabaka jembamba juu ya jembamba, mwanga unapenya mpaka kwenye chokaa nyeupe ya chini unarudi, ndo maana lile joho linawaka. Juzijuzi Louvre wametoa vanishi ya zamani iliyokuwa imegeuka njano, wakaionyesha upya 2024, na imependeza sana jamani.

Mwaka 1443 Rolin na mkewe Guigone de Salins walianzisha hospitali ya maskini mjini Beaune, jengo lipo mpaka leo. Humo kuna picha nyingine iliyochorwa na Rogier van der Weyden, inafungwa kama kabati, na kwenye mbao zake za nje Rolin kapiga magoti tena, safari hii mzee, kavaa nguo nyeusi. Joho la dhahabu halipo.