Antena ya Kitanzi Juu ya Dari la Tabata

Kwa miezi mingi niliamini kuwa redio yangu ndogo ni mbovu upande wa mawimbi marefu (long wave). Nikiiwasha nyumbani Tabata, Dar es Salaam, kati ya kilohezi 150 na 280, nilisikia mngurumo mmoja tu, mchana hata usiku. Kisha jioni moja umeme ukakatika mtaa mzima na mngurumo ukafa papo hapo. Kumbe redio haikuwa na kosa lolote: ilikuwa ikipokea taa za LED, chaja za simu na ving'amuzi vya nyumba zetu sote.

Wimbi la kilohezi 200 lina urefu wa mita 1,500, na sijui nani hapa mjini ana kiwanja cha kutandaza waya wa kulingana nalo. Antena ya kitanzi haihitaji urefu huo, kwa sababu hunasa upande wa sumaku wa wimbi, na waya wake huzungushwa mara nyingi mahali pamoja.

Changu kimejengwa juu ya mbao mbili za mita 1.7 zilizofungwa msalaba, hivyo kila upande wa mraba una takriban mita 1.2. Mizunguko ni 20, yaani karibu mita 100 za waya wa shaba wenye ganda la plastiki. Mara ya kwanza niliibananisha mizunguko ikagusana, na antena ikagoma kufika juu ya kilohezi 250, kwa kuwa waya zilizokaribiana huwa kapasita zenyewe, yaani hutunza chaji ya umeme kati yake. Nilifumua kazi yote, nikachanja mbao kwa msumeno kila nusu sentimita, na kulaza kila mzunguko katika mfereji wake.

Kapasita ya kuzungusha, inayochagua masafa ya kitanzi, ndiyo iliyonisumbua kuipata. Mzee mmoja fundi redio wa Kariakoo alifungua boksi la makopo, akatoa moja yenye vibati vya alumini vinavyoingiliana, akapuliza vumbi na kuniambia, "Hii itunze, mwanangu, mpya huzioni tena." Ina sehemu mbili za pikofaradi 500 (kipimo cha uwezo wa kapasita) kila moja. Sehemu moja hunifikisha karibu na kilohezi 200, na zikiunganishwa zote mbili nashuka hadi chini kabisa ya bendi.

Hakuna waya wowote unaoingia kwenye redio. Naiweka kando ya kitanzi, kijiti chake cha feraiti, yaani antena yake ya ndani, kikielekea katikati ya fremu kama mshale unaotaka kupenya dirishani, kisha nazungusha kapasita polepole mpaka sauti ivimbe ghafla. Ukipita kwa upana wa unywele, inapotea.

Watu huniuliza kitanzi kinaongeza nguvu kiasi gani. Kwangu mimi thamani yake kubwa ni kile kinachokataa kusikia. Hupokea vizuri kutoka pande ambazo kingo zake zinaelekea, na huwa kiziwi kwa chochote kinachokikabili uso kwa uso. Ndani ya nyumba uziwi huo haunisaidii sana, kwa kuwa nyaya za umeme zimenizunguka pande zote. Juu ya dari la zege, kelele nyingi hutoka nyumba za kaskazini mashariki, na Algeria iko kaskazini magharibi: nikielekeza ukingo kwenye mtambo wa kurushia matangazo wa Tipaza nchini humo, kilohezi 252, majirani wanakuwa mbele ya uso wa fremu na mngurumo wao unazama.

Masika hayafai, radi hupasua kila kitu. Lakini usiku mmoja wa Julai, baada ya saa tano, nilipata mlio mwembamba usioyumba pale pale kwenye 252, masafa ambayo Ireland iliyaacha mwaka 2023. Nilipogeuza fremu robo duara mlio ulizimika, nilipoirudisha ukarudi. Nadhani ni Tipaza, ila maneno sijayasikia bado. Mbao za fremu ya mita mbili nimeshanunua, na wiki hii naanza kuchanja mifereji.