Manne Yaliyoandikwa Matano

Mwaka 2023 Pasaka yetu iliangukia usiku wa Jumanne, tarehe 4 Aprili. Kanisani kwetu huishika tarehe 14 ya Nisani, mwezi wa kwanza wa kalenda ya Biblia, jua likishatua, wala hatungoji Jumapili. Mwaka ule Nisani na Ramadhani ziliandamia mwezi uleule mmoja: jirani yangu akihesabu funga zake, nami nikihesabu siku zangu. Kazi yangu ni mahamri. Nayauza mlangoni, Maweni, hapa Malindi, na jina lenyewe linakwambia yametokana na nini. Kitabu cha Kutoka, sura ya 12, kinataka kwa siku saba chachu isionekane nyumbani. Mimi naishi kwa hamira, na huo ndio mwezi ambao wateja wa futari wanapigana vikumbo mlangoni.

Miaka ya nyuma nilikuwa nasubiri siku ya mwisho, halafu naishia kumwaga vitu jaani nikiuguza roho kwa hasara. Safari hii nilianza wiki mbili kabla. Napika kilo nne za unga kwa siku, kwa hiyo nikanunua hamira ya kufikia Jumatatu tu. Unga mkavu si chachu, unaweza kubaki. Vinavyotoka ni hamira, beki pauda, magadi, na vilivyoumuliwa navyo: mkate, keki, biskuti nyingi. Unga wa pakiti unaouzwa tayari umetiwa beki pauda huwanasa wengi, maana kwa macho hauna tofauti na mwingine, soma pakiti. Chapati ya maji na mafuta haina neno, ila ya kununua uliza kwanza.

Nilisafisha kuanzia chumba cha mwisho kuja jikoni, na chumba kikishaisha mtoto haingii na kitu mdomoni. Makombo mengi zaidi niliyakuta ndani ya mabegi ya shule. Kazi ngumu ilikuwa kibao cha kusukumia na kitambaa ninachofunikia donge. Usivimwagie maji ya moto, nilishafanya kosa hilo: unga unaiva palepale na kuwa gundi. Acha vikauke kabisa, kwangua kwa kisu butu, ndipo utie maji baridi na brashi. Hamira iliyobaki nikampelekea jirani. Akaniuliza, "Shoga, mbona unajifukuzia riziki Ramadhani?" Nikamwambia ni siku saba tu. Akasema basi wateja wangu wa futari atanishikia, atanirudishia. Akafanya hivyo kweli.

Nyumba ikang'aa. Ila Paulo hakusema mtu aihoji nyumba yake. Alisema "mtu ajihoji mwenyewe, na hivyo aule mkate." Kwangu kujihoji kulikuwa kwa jumla jumla: Bwana nisamehe hasira, nisamehe uvivu, amina. Mzee wa kanisa letu alituzuia namna hiyo. Alitutaka robo saa kila jioni, kwa daftari na kalamu. Kwanza Zaburi 139, mistari miwili ya mwisho, ili Mungu ndiye awe mchunguzaji. Mtu akijichunguza peke yake ama atajitetea ama atajihukumu mpaka akimbie meza ya Bwana. Kisha andika: nani, lini, nini, kiasi gani, na je, kinarudishika? Kukimbia meza, alisema, ndilo kosa analoliona kila mwaka. Mtu anakuta dhambi, anaona haya, anabaki nyumbani. Pasaka ya mwezi wa pili, katika kitabu cha Hesabu sura ya 9, waliwekewa waliotiwa unajisi na maiti na waliokuwa safari ya mbali. Aliyeona haya hakutajwa pale.

Jioni ya nne sikuwa na la kuandika. Nikachukua daftari la madeni, nijumlishe nani ananidai na nani namdai kabla sijafunga biashara. Nikafika kwa kijana mmoja wa bodaboda. Huyu kila asubuhi huchukua manne, shilingi kumi kumi, na kulipa mwisho wa mwezi, akichelewa siku zote. Kwenye mstari wake niliona tano. Tano, tano, tano. Mwandiko wangu, kalamu yangu ya buluu. Nilikumbuka vizuri siku niliyoanza: unga ulikuwa umepanda, naye alikuwa amenizungusha wiki mbili, nikajisemea hiyo moja ni ya usumbufu. Baada ya hapo mkono ulizoea, sikuwa hata nawaza. Nikahesabu siku: ishirini na tatu. Shilingi 230.

Ningekwenda kesho yake. Sikwenda. Nilijipa kazi ya kusugua karai, kazi ambayo ilikuwa imeshakwisha. Mathayo 5:23-24 haikunipa nafasi: unaiacha sadaka pale pale, unakwenda kwanza kupatana na ndugu yako. Jumanne mchana nikatoka na pesa nimezikunja kwenye karatasi. Stejini hayupo, simu haipatikani. Saa kumi ndipo alipotokea na abiria. Nikamsubiri alipwe, nikamweleza bila kuzunguka, kwa siku na kwa hesabu, nikampa.

Akacheka. "Mama, nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

"Zamani. Lakini ukiingia ndani kunitafutia chenji ya wateja wengine, mimi naongeza moja mfukoni."

Tukatazamana. Zile 230 alizitia mfukoni hata hivyo, zote, nami sikuthubutu kumuuliza za kwangu ni ngapi.

Nikarudi mbio kupika mkate wa meza, zamu ilikuwa yangu. Vikombe viwili vya unga, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vitatu vya mafuta, maji nusu kikombe na kidogo. Kanda dakika chache, sukuma wembamba, toboa kwa uma pote, choma kwenye chuma cha chapati moto wa wastani. Usipotoboa unafura, na ukiwa mnene katikati unabaki mbichi. Wala usikande asubuhi upike jioni: kwa joto la Malindi donge likikaa muda mrefu huanza kuchacha lenyewe, hata bila hamira.

Tulipokusanyika, mwezi ulikuwa umeshatoka baharini jua likiwa bado halijatua, na maji ya bamvua, yale yanayojaa sana mwezi ukiwa mpevu, yalikuwa yanaanza. Pasaka haikosani na bamvua. Tulianza kwa kutawadhana miguu, wanawake kwa wanawake, beseni moja na taulo. Dada aliyenitawadha aliona mguuni pangu jeraha la mafuta ya karai, akalizungushia maji kwa kiganja asiliguse. Kisha mkate. Kisha kikombe.

Siku ya tatu ya zile siku saba za Mikate Isiyotiwa Chachu niliinama kuokota kijiko chini ya meza ya kazi. Mguu mmoja wa meza ile ni mfupi, na miezi kadhaa nyuma nilikuwa nimeukingia kitu nisahau. Kilikuwa pakiti ya hamira, imekunjwa mara nne, na chembe zake bado zimo kwenye mikunjo. Nikaichomoa nikaenda kuitupa. Meza ikayumba mpaka siku ya saba.