Vipepeo wangu wanatoka kwenye mlimao

Sampuli ya kipepeo isiyo na lebo ni pambo la ukutani tu. Nilipoanza kuandaa sanduku la vipepeo wa Kigoma nilijiwekea sharti moja: kila mmoja ajulikane ametoka wapi, lini na kwa njia gani. Sharti hilo lilifunga milango kadhaa. Gombe na Mahale ni hifadhi za taifa, huchukui humo hata aliyekufa njiani. Kukamata porini kwa utafiti kunataka kibali kupitia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Na wale wa kununua walioandikwa “Afrika” basi, bila tarehe wala mahali, siwataki hata wakipendeza vipi.

Ukabaki mlimao wa uani. Papilio demodocus, yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano na asiye na mkia, hutaga yai mojamoja kwenye majani machanga ya milimao, midimu na michungwa. Kiwavi mdogo utadhani kinyesi cha ndege. Akikaribia kuwa pupa, yaani kujifunga ndani ya ganda kabla ya kuwa kipepeo, anageuka kijani, na ukimgusa anachomoa pembe mbili laini nyuma ya kichwa zenye harufu kali. Usimpe jina kwa kuangalia mti peke yake, maana Papilio nireus na Papilio dardanus nao hula jamii hiyohiyo ya miti. Subiri mabawa.

Nawafugia kwenye ndoo ya lita 20, mdomo umefungwa chandarua, viwavi 6 wakubwa kwa ndoo. Tawi linakaa kwenye chupa ya maji, na shingo ya chupa inazibwa kwa pamba; usipoziba, wanashuka na kuzama. Mfuniko wa plastiki ni kosa: mvuke unajikusanya, kinyesi kinaota ukungu, viwavi wanaharisha na kufa. Majani ya mti uliopigwa dawa yanawamaliza haraka zaidi. Pupa ikiwa na tundu dogo la duara, humo alikuwemo nyigu na kipepeo hayupo tena, kwa hiyo tumia chandarua chenye matundu madogo kweli. Weka pia vijiti vilivyosimama wima, kwani kipepeo akitoka na kukosa pa kuning'inia mabawa hukauka yamejikunja.

Kila kundi nabakiza dume mmoja na jike mmoja, wengine nawaachia palepale nilipookota mayai. Wa kubaki nampa siku nzima baada ya kutoka, mabawa yakaze na ule uchafu wa majimaji umtoke, la sivyo utatia doa. Kisha anakaa friza usiku kucha.

Wengine nawaokota wakiwa wamekufa kwenye grili za magari ya barabara ya Kasulu. Hao wamekauka, kwa hiyo nawalainisha kwanza: kopo lenye mfuniko, mchanga wenye unyevu chini, karatasi juu yake, karafuu chache za kuzuia ukungu, saa 24 hadi 48. Ukilazimisha bawa kavu linakatika shinani.

Kwenye hao wa barabarani ndipo majina yanapochanganya. Danaus chrysippus wa rangi ya chungwa ana sumu, na jike wa Hypolimnas misippus, asiye na sumu, anamwiga. Usihangaike na ncha ya bawa la mbele: wapo Danaus wasio na weusi kwenye ncha, wapo wenye bawa la nyuma jeupe, na mwigaji anawafuata wote hao. Tazama katikati ya bawa la nyuma. Danaus ana vidoa vitatu vyeusi, na dume anaongeza cha nne. Hypolimnas ana kimoja tu, karibu na ukingo wa mbele. Dume wa Hypolimnas hana tatizo, ni mweusi mwenye mabaka meupe yaliyozungukwa na zambarau.

Pini iwe ya wadudu, namba 2 au 3. Ya kushonea ni nene mno na inashika kutu. Inapita katikati ya kifua, wima, ikibaki kama sentimita 1 juu ya mwili. Ubao wangu wa kutandazia mabawa ni lile povu jeupe la kufungashia televisheni, nimelichonga mfereji wa mwili. Vuta bawa la mbele kwa kushika mshipa mnene, kamwe si kwa kidole, hadi ukingo wake wa nyuma ufanye pembe mraba na mwili. La nyuma lifuate. Yabane kwa vipande vya karatasi laini, pini ziwe nje ya bawa. Kiangazi wiki mbili zinatosha. Masika natoa tatu, na miguu ya meza inakaa kwenye makopo ya maji, maana sisimizi hula mwili wote usiku mmoja wakakuachia mabawa. Nafthalini, ile dawa ya kufukuza wadudu, funga kwenye kitambaa mbali na povu, kwa sababu hulila.

Lebo inakaa kwenye pini ileile, chini ya mwili: “Tanzania, Kigoma, Ujiji, mita 780, 14.iii, kiwavi kutoka mlimao” (14.iii ni tarehe 14 Machi), mwaka, na jina la aliyemfuga. Wa barabarani huandikwa “ameokotwa amekufa”.