Pekupeku Capri

Kamba ya ndala yangu ya kulia ilikatikia katikati kabisa ya mji wa Capri, kisiwani kule Italia, watu wote wamevaa kama wanakwenda harusini. Nauli ya boti kutoka Napoli ilishanikausha, na kale kagarimoshi ka kupandia mlima nako kakadai chake. Makubazi ya ngozi wanayoshona hapo kisiwani? Kwa bei ile, Songea unanunua mbuzi na chenji unarudishiwa. Nikavua na ya kushoto, nikaingia mkahawani. Mhudumu alinitazama kuanzia kichwani, alipofika vidoleni akasema nafasi hakuna. Viti vilikuwa vitupu.

Nikajichekea, maana niliyekuja kumtazama naye alitembea pekupeku hapahapa. Karl Wilhelm Diefenbach, mchoraji wa Kijerumani, alivaa kanzu, hakugusa nyama, na alihubiri kwamba mwili upigwe na jua na hewa bila kizuizi cha nguo. Kule Bavaria, karibu na München, walimshtaki kwa mambo ya uchi. Kifungo akakitumikia mwanafunzi wake, Hugo Höppener, na mwalimu akamwita Fidus, yaani mwaminifu. Huyo Fidus ndiye aliyekuja kuchora kijana aliye uchi juu ya mwamba, mikono kailekeza kwenye mwanga. Vijana wa Ujerumani waliipenda mno picha hiyo.

Sasa, Bavaria hiyohiyo ndiko walikotoka Wabenedikto waliofungua misheni Peramiho, karibu na Songea, mwaka 1898. Bibi yangu alikuwa akisimulia jinsi wazee wake walivyoambiwa wajifunike vizuri kwanza, habari za Mungu baadaye. Mbona hawakututumia Diefenbach! Wazee wangeelewana naye, mpaka siku ya kuchinja.

Picha zake zimo katika monasteri ya kale ya San Giacomo. Nilitegemea jua. Nikakuta maturubai makubwa mno, meusimeusi: majabali, bahari iliyochafuka, anga zito. Mhubiri wa jua aliishi kwenye kisiwa hiki chenye mwanga wa kuumiza macho hadi alipofariki mwaka 1913, akachora giza. Nilikaa mbele yake muda mrefu kuliko nilivyopanga, sakafu ikinipoza nyayo.

Mzee mmoja mtalii akaniuliza kwa adabu kama nami ni wa imani ile.

"Hapana, mzee. Nimekatikiwa ndala."

Akacheka mpaka akakohoa, kisha akaninong'oneza kwamba Napoli, karibu na stesheni, ndala zinauzwa kwa bei ya binadamu.