Ndiyo, nilikata utumbo

Naandika hii kwa sababu nimechoka kujibu mmoja mmoja. Dukani naulizwa, kanisani naulizwa, juzi kwenye hiace ya Kibosho mama mmoja ambaye hata simjui kanigeukia mzima mzima, dada pole, ulikuwa unaumwa nini, maana nilikuwa nakuona mjini umenawiri. Na wengine hawaulizi, wanasemea pembeni. Kuna mteja wangu wa siku nyingi alikuja kuangalia vitenge, akanikagua juu mpaka chini, akasubiri watu watoke af akaniambia kwa upole kabisa kwamba kuna nesi anamfahamu pale CTC, kliniki ya wenye virusi vya UKIMWI, ni msiri, atanisaidia nisipange foleni na watu wa mtaani kwetu. Sikumkasirikia, nilijua ananipenda. Ila ndo ujue huku kwetu mtu mnene akipungua majibu ni mawili tu, ana ngoma au karogwa, na mi sina hata moja. Nilikata utumbo. Haya nimesema.

Na tukianza hapohapo, utumbo wenyewe haukuguswa. Waliokata ni mfuko wa chakula, ule wa juu, wanaondoa karibu asilimia 75 mpaka 80 wanakuachia kitu chembamba kama ndizi. Hiyo ndo slivu. Ila mtaani ukisema slivu nani atakuelewa, acha ibaki utumbo.

Nilikuwa na kilo 128 na urefu wangu ni sentimita 163, BMI, yaani kile kipimo cha kilo ukilinganisha na urefu, inakuja 48. Hizo kilo kuzijua zenyewe ilikuwa kazi, mizani ya zahanati ya karibu na kwangu mwisho wake 120, mshale ukifika pale unagonga unatulia, nesi anaandika 120 na kijumlisha pembeni, anasema mwingine. Nilikuwa na sukari, nilikuwa na presha, magoti ndo usiseme. Kutoka barabarani mpaka nyumbani kwetu Kibosho ni kamlima kadogo tu ambako watoto wanakapanda wakikimbia, mi nilikuwa nasimama kila kwenye mgomba najifanya naongea na simu. Usiku nakoroma af ghafla pumzi inakata, mume wangu ananitikisa, tukaja kuambiwa hospitali kwamba hata hiyo inatokana na uzito. Na bodaboda wa pale Mbuyuni walikuwa na bei yangu peke yangu, wakinicheka kabisa usoni, "dada we ni mishkaki tayari," yaani peke yangu ni abiria wawili. Unacheka nao, utafanyaje.

Najua mnachotaka kusema, ungefanya mazoezi. Nimefanya. Nimeacha ugali, nimekunywa limao na tangawizi, nimekunywa majani ya mpera, nimekunywa na yale ya Kichina yanayokuharisha. Kilo zilikuwa zinatoka af zinarudi na ndugu zao. Sitazungumzia hayo maana kila mnene anayasoma haya ameyapitia na kila mwembamba haamini.

Daktari wa kliniki ya sukari ndo wa kwanza kuniambia habari za upasuaji kama tiba. Nilidhani ni mambo ya wasanii wa Dar na wake za wakubwa. Akanieleza kwamba toka mwaka 1991 wataalamu wa Marekani walishaweka mstari, BMI 40 unafaa, au 35 kama una ugonjwa unaotokana na uzito, na mwaka 2022 wakalegeza wakasema 35 inatosha hata kama huumwi kitu, na mwenye sukari anaweza kufikiriwa hata kwenye 30. Mi nina 48 na sukari na presha juu. Yaani nilikuwa nimevuka mstari kitambo na nilikuwa bado nakunywa limao.

Tukaja kwenye kuchagua. Puto nilikuwa nimelisikia sana, lile wanaloweka hospitali ya Mloganzila kule Dar, linapitishwa mdomoni linajazwa maji ndani ya tumbo, hamna kukatwa. Ila halikai milele, baada ya miezi linatolewa, na kwa uzito wangu niliambiwa wazi lingenisogeza kidogo tu halafu tungerudi palepale. Af kuna baipasi, wanatengeneza kamfuko kadogo sana juu wanakaunganisha moja kwa moja na utumbo mdogo, hiyo inapiga sukari vizuri zaidi na ndo inayofaa watu wenye kiungulia kikali, maana slivu inaweza kukizidisha. Ila baipasi inataka uwe makini zaidi na vitamini na ufuatiliaji, na mi nakaa Moshi, mpasuaji yuko Dar. Sina kiungulia. Nikachagua slivu, na mpaka leo naona nilichagua sawa kwa maisha yangu, we ya kwako ongea na daktari wako.

Kumwambia mama sasa.

Nilipanda Jumapili baada ya misa, nikamkuta jikoni anamenya ndizi. Nikamweleza polepole mwanzo mwisho. Hakuacha kumenya. Akaniuliza, "Mwanangu, kwani tumbo lako linauma?" Nikasema haliumi mama. "Sasa unaenda kukata kitu kizima kwa nini?" Na hapo ndo nilikwama maana kwa hesabu za mama hospitali unaenda na kinachouma. Nikamwambia miguu inauma, macho yanaanza kuona ukungu kwa sababu ya sukari, baba alikatwa mguu kwa sukari hiihii na tukamzika, mama. Akanyamaza. Af akasema bibi yako alikuwa mnene kuliko wewe na alifika miaka 90, ukoo mzima tuko hivi, na shangazi yako akisikia atasema umetuona sisi ni wagonjwa. Kuhusu shangazi alipatia kabisa, ndo alichosema neno kwa neno.

Hela. Bima ilikataa, waliandika barua kwamba ni mambo ya urembo. Urembo! Mtu ana sukari na presha na anakata pumzi usingizini. Nikavunja akiba, nikasubiri VICOBA tugawane mwisho wa mwaka, mume wangu akauza ng'ombe, dada yangu wa Dar akaongezea. Bei sitaiandika kwa sababu inatofautiana sana na inabadilika, ila ni mamilioni, na hesabu isiishie kwenye upasuaji, vitamini ni za maisha, vipimo ni vya maisha.

Kabla ya kukatwa wanakupima kila kitu, damu, moyo, ultrasaundi, wanakuingiza mpira wenye kamera tumboni kuangalia vidonda na wale bakteria wa vidonda vya tumbo, ukiwa nao unatibiwa kwanza. Unakaa na mtu wa lishe, unakaa na mtu wa saikolojia anakuuliza huwa unakula ukiwa na njaa au ukiwa na hasira, swali ambalo lilinikera wiki nzima. Af wiki 2 za mwisho unakula kidogo sana, protini na mboga, wanga karibu hamna. Sio adhabu, ni ini. Sisi wanene ini linajaa mafuta linavimba na limekaa juu ya tumbo palepale wanapotaka kufanya kazi, ukila vizuri zile wiki linasinyaa wanaliinua kirahisi. Mi nilipoelewa hiyo ya ini hata hamu ya chapati iliniisha, nilikuwa naliona kabisa limelala pale juu.

Upasuaji wenyewe siujui, nililala nikaamka. Wanatoboa matundu madogo, wanajaza gesi, wanaingiza kamera, na kuna mashine inakata huku inapiga pini. Nilichokijua ni bega. Nimeamka bega la kushoto linauma kuliko tumbo, nikadhani wameniangusha, kumbe ni ile gesi inachokoza kiwambo cha chini ya mapafu maumivu yanatokezea begani. Jioni ileile nesi kaja, dada amka tutembee. Nikamwangalia. Akasema damu isigande miguuni, amka. Tukatembea koridoni mi nashika ukuta, soksi za kubana mpaka mapajani, sindano ya kuzuia damu kuganda nimeshachomwa. Maji nilikuwa nakunywa kwa kale kakifuniko ka plastiki ka kupimia dawa ya mtoto. Kamoja, unasubiri. Kamoja tena. Ukizidisha unajua.

Kitu kinachoogopwa ni ile sehemu iliyopigwa pini kuvuja. Nirudie hii kwa wanaofikiria kwenda: homa, moyo kwenda mbio, tumbo kuuma linazidi, usimeze panado ukalala, unarudi hospitali usiku huohuo. Ndo maana nilikaa kwa dada Mbezi mpaka nikaonwa tena, na kurudi Moshi daktari hakutaka nipande basi, masaa yote yale umekunja miguu, nikarudi na ndege mpaka KIA na hela ya kukopa.

Sasa mkinisema nimepita njia ya mkato njooni muishi ile miezi ya kwanza. Vimiminika tu, maji, supu iliyochujwa, maziwa, ndo baadaye vilivyosagwa, ndo vilaini. Na nani kaja kunilea? Mama. Kateremka na kikapu, ndizi, nyama, sufuria lake mwenyewe kabisa, kanipikia mtori kama nimejifungua. Akaweka bakuli limejaa. Nikala vijiko 3, cha nne kikakwama hapa kifuani, mate yanajaa mdomoni, kwikwi, machozi. Mama akadhani nakufa. Af mtu wa lishe kwenye simu akamwambia mama nyama iwe nyingi ndizi iwe kidogo, protini kwanza, gramu 60 kwa siku angalau, na mama akasema huo sasa sio mtori, ni supu yenye aibu. Ila aliupika. Akawa ananipimia na sahani ya chai, na shangazi alipokuja kuona mgonjwa na thermosi yake ya uji wa siagi, mama ndo aliyemzuia mlangoni, mi nilikuwa nasikia kutoka chumbani, "Hapana wifi, huyu hali hivyo, kuna utaratibu wake."

Kitu ambacho hakuna mtu alinieleza vizuri ni njaa. Kile kipande walichotoa ndo kinatengeneza sehemu kubwa ya homoni ya njaa, ghrelini. Pembeni ya duka langu kuna mama anakaanga maandazi saa 4 asubuhi, na miaka yote ile harufu ikija siwezi kuhesabu hata chenji, nahesabu maandazi. Nimerudi kazini, harufu ikaja, nikaendelea kumkatia mteja kitambaa. Nikasimama na mkasi mkononi, kumbe watu wembamba ndo wanaishi hivi? Miaka yote wananiambia jizuie na wao hawazuii chochote! Nilikasirika aisee, nilikasirika kweli.

Ila huu upasuaji haukulindi milele. Soda, aiskrimu, juisi za sukari zinateleza zinapita, watu wanarudisha kilo kwa hizo. Kuna wiki mizani inagoma kabisa. Kunywa na kula pamoja hamna, unasubiri kama nusu saa. Nywele zilianza kuniondoka mwezi wa nne, kitana kinajaa, nikasuka ndogondogo nikafunga kilemba mpaka zikarudi. Ngozi ya mikono inaning'inia, nashona mikono mirefu. B12, chuma, kalsiamu, vitamini D, na chuma usimeze pamoja na kalsiamu wala na chai, ambayo kwa mtu wa chai ya saa 4 ni mtihani. Diklofenaki, ile diklopa mnayopewa duka la dawa kila mkiumwa mgongo, mi nimeambiwa nikae nayo mbali, inaweza kutoboa kidonda tumboni. Na kina dada, mimba unaisubirisha mwaka mpaka mwaka na nusu, na angalieni sana maana ukipungua uzazi unafunguka, hata kwa waliokuwa wanatafuta miaka.

Desemba ndo ilikuwa kasheshe. Mnajua Desemba yetu, ukoo mzima umepanda, magari ya Dar yamejaa mgombani, ndafu inakatwa, na kukataa nyama uliyokatiwa na baba mdogo ni kesi. Nikapokea sahani kwa mikono miwili, nikala kipande kimoja natafuna mpaka kinaisha chenyewe, sahani ikahamia kwa watoto. Mbege nikaonja tu, pombe siku hizi inanipanda kichwani haraka. Shangazi akaniangalia weee. Akasema, "Umekuwa kama mzungu." Bado sijajua kama ni sifa.

Sasa niko kilo 89. Dawa ya presha daktari kaniondolea, metfomini, ile ya sukari, kanipunguzia, usingizi nalala na mume wangu analala. Bado ni mnene kwa hesabu ya chati, na kwa hesabu ya shangazi nimekwisha.

Mnaonitumia meseji kuuliza nianzie wapi, kabla ya bei muulizeni mpasuaji amefanya wangapi, kama kuna ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, palepale, nani atakupokea ukipata shida usiku ukiwa huku Kilimanjaro, na nani atakupima damu mwaka wa pili na wa tatu. Akikujibu bei tu, ondoka. Na namba ya simu ya yule mtu wa lishe msiniombe, mama anampigia kila wiki, hana nafasi.